Leseni ya programu huria: ichague kabla mchango wa kwanza haujaingia

Mara nyingi nafungua mradi mzuri wa programu, msimbo (maandishi yanayounda programu) msafi, maelekezo yamepangika, kisha natafuta faili la LICENSE, lenye leseni inayosema nani anaruhusiwa kuutumia na kwa masharti gani, silioni. Hapo naachana nao. Wengi hudhani msimbo ukishawekwa hadharani umekuwa wa wote. Sivyo. Kwa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, hakimiliki huanza kazi inapoandikwa tu, bila kusajiliwa popote. Pasipo leseni, sina ruhusa ya kuuchukua na kuutumia katika kazi yangu.

Ukiniuliza uchague ipi, nami nitakuuliza: mtu akiichukua kazi yako, akaiboresha, akaiuza huku maboresho ameyaficha, utaumia?

Kama huumii, leseni ya MIT inatosha. Ni aya chache, na sharti lake ni kubakiza tamko la hakimiliki pamoja na maandishi ya leseni yenyewe. Ila mradi ukiwa wa kutumiwa na makampuni, mimi huchagua leseni ya Apache 2.0, kwa kuwa inatamka wazi kwamba mchangiaji anatoa pia ruhusa ya hataza zake (haki za kisheria juu ya uvumbuzi) zinazoguswa na mchango wake. MIT haitaji hataza kabisa.

Kama utaumia, chukua leseni ya GPL. Anayesambaza programu iliyotokana na yako atalazimika kutoa na msimbo wake, kwa leseni ileile. Litazame vizuri hilo neno "anayesambaza". Aliyeiweka kwenye seva yake, watu wakaitumia kupitia kivinjari, hajasambaza chochote. Pengo hilo ndilo linalozibwa na AGPL, leseni ndugu ya GPL, ya mwaka 2007: akiibadilisha, watumiaji wake wa mtandaoni wana haki ya kupewa msimbo.

Kagua pia leseni za maktaba unazozitegemea, yaani msimbo wa wengine unaoutumia ndani ya mradi wako. Msimbo wa Apache 2.0 unaingia kwenye mradi wa GPL toleo la 3, lakini hauingii kwenye ule wa toleo la 2 pekee.

Usiseme utabadilisha leseni baadaye. Kila mchangiaji ana hakimiliki ya kipande chake. Niliwahi kusaidia mradi uliotoka GPL kwenda MIT. Tuliwaandikia wachangiaji wote, wakakubali isipokuwa mmoja ambaye barua pepe yake ilikuwa imekufa. Kazi yake ilikuwa kipande kimoja cha msimbo cha kusoma tarehe, mistari kama arobaini. Tulikifuta, na mwenzetu ambaye hakuwahi kukiona akakiandika upya.