Namba Imekubali, Kwa Hiyo? Breki Halisi za Camaro, Mustang na Corvette za Zamani

"Fundi, namba imekubali." Maneno haya nimeyasikia hadi masikio yamechoka. Mteja ananitumia picha ya masta silinda (pampu kuu ya breki) aliyoinunua kwa bei ya kuumiza, namba ameizungushia duara jekundu, anasubiri hongera. Mara nyingi hongera haiji.

Dhana: namba iliyo kwenye chuma ikifanana na ya kitabuni, kifaa ni cha gari hilo.

Hapana. Ile ni namba ya kalibu. Inakwambia chuma kilimiminwa kwa umbo gani, basi. Kalibu moja ilitoa vyuma vilivyokerezwa kwa vipenyo tofauti, vikafungwa kwenye magari tofauti kwa miaka kadhaa. Kwa masta silinda za chapa ya Delco Moraine zilizofungwa kwenye magari ya GM (General Motors, waundaji wa Camaro, Corvette na Pontiac), kinachozitofautisha ni herufi mbili zilizogongwa kwa stempu kwenye sehemu bapa iliyokerezwa, upande wa mbele. Herufi hizo ndizo zilizomwonyesha mfungaji kiwandani achukue ipi. Na ndizo za kwanza kufutika mtu akikipeleka kifaa kupigwa mchanga ili king'ae! Nawaomba kila siku: kwanza dawa ya kuondoa grisi na brashi ya nailoni, kisha tochi ikimulika kwa pembeni, kisha picha. Msasa mwishoni, na ikiwezekana usiwepo kabisa.

Kwa Ford mkanganyiko ni mkubwa zaidi. Mtu ana orodha ya spea inayosema C8ZZ, anaikagua masta silinda nzima haioni, anatangaza kuwa ni feki. Lakini Z ile ya mwisho inaonyesha namba ya spea, yaani ya kisanduku cha dukani. Kwenye chuma chenyewe utakuta namba ya wahandisi, mfano inayoanza na C8ZA: C ni miaka ya 1960, 8 ni 1968, Z ni Mustang. Na hiyo 1968 ni mwaka wa usanifu. Gari la 1969 kukutwa na chuma chenye C7 au C8 ni jambo la kawaida kabisa, kwa sababu kifaa kilichofaa hakikubadilishwa kwa vile tu mwaka umegeuka.

Kinachosema zaidi ni tarehe ya kusubu, yaani siku chuma kilipomiminwa, na hata hiyo watu huisoma vibaya. GM walianza na herufi ya mwezi, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka: K 5 8 ni tarehe 5 Novemba 1968. Ford walianza na mwaka, 8K5, na kwa kuwa kwenye miezi waliiruka herufi I, K yao ni Oktoba. Kwa miezi ya kuanzia Septemba, ukitumia jedwali la mmoja kwa chuma cha mwingine umekosea mwezi mzima, na mwezi mmoja hapa unatosha kulitia gari doa au kulisafisha. Halafu ile tarakimu ya mwaka haisemi muongo. 9 ni 1969, na pia ni 1979.

Sasa tarehe hiyo ilinganishe na ya gari. Camaro ya 1969 iliyoundwa Norwood, Ohio, ina kibao cha bati kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Kikisema 03C, gari ni la wiki ya tatu ya Machi. Chuma cha A 14 9 kinaingia vizuri. Cha D 22 9 kilimiminwa Aprili, gari likiwa limeshatoka kiwandani. Hata namba ya kalibu ikubali vipi, hakikuja nalo. Cha C 17 9 ningekitilia shaka, maana chuma kinahitaji muda wa kukerezwa, kuunganishwa na kusafirishwa.

Na hata vyote vikikubali, kumbuka kuna nakala mpya zinazotoka na namba zilezile, nyingine hata na nembo. Uthibitisho ni mkusanyiko wa kalibu, stempu, tarehe, na kutu inayolingana na jirani zake. Anayekuuzia kwa namba peke yake amekuuzia namba.

Dhana: gari la nguvu lazima lilitoka na diski. Pontiac GTO ya 1964 ilikuwa na dramu za inchi 9.5 magurudumu yote manne, pamoja na injini ile yote. Diski za mbele zilikuja kama nyongeza ya kulipia kwenye modeli ya 1967. Kwa hiyo usiitupe dramu ukidhani kuna mhuni aliibadilisha.

Dhana: kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ya pistoni nne ndiyo halisi, ya pistoni moja ni ya baadaye. Inategemea mwaka. Diski za mbele za Camaro zilikuwa na pistoni nne 1967 na 1968, na moja kuanzia 1969. Mustang ilitumia kalipa za kampuni ya Kelsey-Hayes za pistoni nne kutoka 1965 hadi 1967, ikahamia pistoni moja 1968. Camaro ya 1969 yenye pistoni nne ama ina JL8, ile nyongeza adimu ya diski kwenye magurudumu yote manne, ama mtu kaichanganya. Bila karatasi, mimi nachukulia imechanganywa.

Dhana: masta silinda ya vyumba viwili ni ya kisasa. Ni ya kawaida kwenye modeli za Marekani tangu 1967. Ukiikuta kwenye Mustang au GTO ya 1966, karibu kila mara imebadilishwa, na kama gari linatembea barabarani nakusihi uiache. Ya chumba kimoja ikivuja mahali pamoja, umepoteza breki zote.

Dhana: diski ya Corvette isiyo na riveti si ya kiwandani. Tangu 1965 diski zilipigwa riveti kwenye habu kisha vikakerezwa pamoja. Lakini breki ya mkono imefichwa ndani ya diski za nyuma, na fundi hawezi kuifikia bila kuzitoboa riveti hizo. Mashimo matupu maana yake gari liliwahi kuhudumiwa. Diski inaweza kuwa ileile. Weka alama ya mkao wake kabla hujaing'oa, kwa sababu ikirudi imegeuzwa itayumba. Kuyumba kukipita inchi 0.005 kunasukuma pistoni nyuma na mbele, hewa inaingia kupitia sili, na pedali inazama. Utabadilisha masta silinda bure.

Dhana: kifaa cha zamani kilichobaki kwenye kisanduku chake kifungwe kama kilivyo. Mpira wa miaka hamsini ni mpira wa miaka hamsini. Kifungue, weka sili mpya, na hosi za zamani zisitumike barabarani. Pedi na breki shu za enzi hizo pia zina asbesto: usizipulize kwa kompresa, na usizikwangue kwa msasa eti usome herufi za pembeni. Lowesha, panga kwenye mfuko, funga.