Tope la Kiatu Chako Lilitoka Kwenye Volkano

Mvua ikinyesha Nairobi, viatu vya mwanafunzi hukwambia anatoka upande gani. Wa Kabete ana tope jekundu. Wa Embakasi ana tope jeusi linalonata kama ulimbo, hata kiatu hubaki nyuma mguu ukitoka. Mimi ni mwanajiolojia, na kila ninapotembelea shule huomba tuanzie hapo, kwenye kiatu.

Udongo huo mwekundu na huo mweusi ni ndugu. Mama yao ni miamba ya volkano. Mamilioni ya miaka iliyopita ardhi ya sehemu hizi ilitapika lava na majivu, tabaka juu ya tabaka, kisha jua na mvua vikaimenya miamba hiyo hadi ikawa udongo. Kwenye miinuko ya magharibi maji hupita upesi, hewa huingia, na chuma kilicho ndani ya udongo hushika kutu. Wekundu ule ni kutu. Kwenye tambarare za mashariki na kusini maji hutuama, na hapo huzaliwa mfinyanzi mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ndiyo maana fundi mwema huuchimba na kuuondoa mpaka afikie mwamba kabla ya kuweka msingi. Nyumba iliyokaa juu yake hupanda na kushuka kila msimu, na kuta hufanya nyufa.

Zitazame pia kuta zenyewe. Mawe ya Ndarugu, yanayokatwa kwa mashine upande wa Juja, ni majivu ya volkano yaliyoshikamana yakawa jiwe. Kwangu hakuna jiwe zuri kulishinda. Lisogelee, utaona vipande vya mawe mengine vilivyonaswa ndani yake siku majivu yalipotua.

Na volkano ziko wapi? Mojawapo unaiona kila siku. Vilima vya Ngong, vyenye kimo cha karibu mita 2,460, ni mabaki ya mlima wa volkano ambao upande wake wa magharibi ulikatika ukazama katika Bonde la Ufa. Bonde hilo bado linapanuka milimita chache kwa mwaka, polepole kuliko kucha zako zinavyokua. Joto nalo halijaisha: huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa chini ya ardhi umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981.

Jumamosi tafuta makopo mawili. Moja litie udongo mwekundu, jingine mweusi, uukoroge kila mmoja kwa maji hadi uwe uji mzito, kisha uyaanike juani wiki nzima. Kila jioni pima nyufa kwa rula na uandike tarehe. Anayeishi Embakasi hahitaji kopo. Asubiri kiangazi cha Februari, aende uwanjani, aingize rula katika ufa mmoja aone inazama hadi wapi.