Je, Samaki wa Ziwani Huacha Kula Wakati wa Baridi?

Miongoni mwa wavuvi wa mshipi nchini Uingereza imedumu imani kwamba baridi ikikaza samaki wa ziwani hulala chini na kuacha kula, hivyo mashindano ya Januari ni bahati nasibu. Sivyo. Joto la mwili wa samaki hufuata la maji. Maji yakipoa, umeng'enyaji wake huenda polepole, naye hula kidogo na kwa muda mfupi, lakini aina nyingi huendelea kula. Samaki aina ya rochi hunaswa hata maji yakiwa na nyuzijoto 5. Kwa maoni yangu, kinachomwangusha mshindani mara nyingi ni kumwaga chambo kwa wingi kama wakati wa kiangazi, samaki wakashiba kabla ya kuifikia ndoano. Mzoefu hurusha funza watatu au wanne, akasubiri, akikazia macho ncha nyembamba ya boya, ambayo huenda ikazama milimita chache tu samaki anapoonja. Wala kwenye kina si lazima kuwe na joto zaidi: ziwa likiwa na kina cha mita 1 au 2, upepo huyachanganya maji yote, na mara nyingi samaki hujikusanya mahali palipokingwa, kando ya matete.