"Wakifika milioni tutaona": dhana potofu za utalii Kusini Unguja

Mara hii ilikuwa kwenye kikao cha shehia, chini ya mwembe. Mzee mmoja kauliza: kila mwaka tunaambiwa watalii wameongezeka, mbona mimi sijaona kitu? Sheha hajafungua mdomo, kijana kamjibu: "Subiri babu, wakifika milioni tutaona." Watu wakacheka, wakaafiki. Kazi yangu ni mipango ya uchumi, na jibu hilo nimeshalisikia kwa madiwani, kwa wawekezaji, hata kwa wenzangu wa ofisini. Limenichosha. Ndiyo dhana ya kwanza: kwamba watalii wakiwa wengi tu, faida itatufikia yenyewe.

Kwanza, hesabu yenyewe si yetu. Zile 638,000 na ushei za mwaka 2023 ni za Zanzibar nzima, na mtu huhesabiwa pale anapoingia, uwanja wa ndege au bandarini. Aliyekaa wiki mbili Jambiani ni kichwa kimoja. Aliyelala Nungwi, akaja Kizimkazi asubuhi kutazama pomboo na saa nane akarudi zake, naye ni kichwa kimoja. Huyu wa pili kwetu kaacha nini? Nauli ya boti na madafu mawili. Ndiyo maana kila anayenijia na takwimu ya watalii namuuliza suali moja tu: wamelala siku ngapi, na wamelala kwa nani?

Pili, mgeni aliyekuja kwa kifurushi kalipa kwao kabla hajapanda ndege. Chumba, chakula na gari vimo humo humo. Kijijini kinafika mshahara na kile ambacho hoteli inanunua hapa, basi. Sasa simama Paje alfajiri uangalie magari yanayoingia mlango wa nyuma wa mahoteli. Mbatata za Bara. Vitunguu vya Bara. Hata tungule, yaani nyanya, boksi kwa boksi. Niliwahi kumuuliza mnunuzi wa hoteli moja kwa nini hachukui tungule za wakulima wa hapo jirani. Hakusema ni mbaya. Alisema: "Leo wataniletea ndoo tatu, kesho simuoni mtu. Na wageni wangu wanakula kila siku."

Hapo ndipo pa kushughulikia. Vikundi vitano vikipangiana zamu za kupanda na kuvuna, akawepo mmoja wa kupokea simu na kutoa risiti, kwangu mimi hiyo ni bora kuliko kuletewa hoteli nyingine ya vyumba mia. Nalisema kila kikao. Wenzangu wananiita Bwana Tungule, na wala sijali.

Na msimu je? Masika yakiingia, hoteli kadhaa hufunga au hupunguza watu, na kijana wa ajira ya msimu anarudi kwao mikono mitupu. Na si msimu tu: mwaka 2019 walioingia Zanzibar walikuwa kama 538,000. Mwaka 2020, kwa corona, wakashuka hadi 260,000 hivi. Mwaka ule hakuna aliyeniletea habari za milioni.

Dhana ya pili ni kwamba tumekuwa wengi kwa kuzaa. Tunazaa, sikatai. Lakini wilaya yetu, Wilaya ya Kusini, ilikuwa na watu 39,242 katika sensa ya 2012, na 63,156 katika ile ya 2022. Hiyo ni karibu asilimia 5 kwa mwaka, wakati Zanzibar nzima ni 3.7. Ziada hiyo haikutoka wodi ya wazazi, imeshuka kwenye daladala: mafundi, wapishi, walinzi, wenye maduka, kutoka mjini, Pemba na Bara. Na asije mtu akasema wote wamefuata watalii. Jirani zetu wa Wilaya ya Kati wamekua kwa kasi kuliko sisi, kutoka 76,346 hadi 132,717, na upande wa Tunguu watu wanafuata viwanja karibu na mji. Kwa hiyo hata pato la wilaya likipanda, gawanya kwanza kwa hao waliokuja ndipo ushangilie. Kisima na skuli vinagawanywa vilevile.

"Utalii umeua mwani." Hapana. Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989, Paje na Jambiani, na kinachokiumiza zaidi ni maji ya pwani kupata joto, ambalo kotonii, aina moja ya mwani, hailiwezi, pamoja na bei duni ya spinosamu, aina nyingine. Wanaoteleza na tiara baharini wana usumbufu wao, lakini si wao waliopandisha joto la bahari.

"Kisima kikikauka nitachimba chini zaidi." Kwenye jiwe letu la matumbawe maji matamu yanaelea juu ya ya chumvi. Ukichimba zaidi, au jirani yako akifunga pampu kubwa, unayakaribisha ya chumvi mwenyewe.

Na wanaokuja kuniambia "nauza ardhi yangu": ardhi ya Zanzibar ni ya umma, ulichonacho ni haki ya kuitumia. Kabla hujapokea hata shilingi, pita kwa sheha, kisha Kamisheni ya Ardhi. Msinijie baada ya kupokea.