Hezi 120 si kasi ya simu

Msimu wa korosho, pesa za mnada zikishaingia, maduka ya simu Mtwara mjini hujaa, na wauzaji wana wimbo mmoja: "Hii ina hezi 120, kasi mara mbili ya hiyo yako." Sivyo. Hezi 120 maana yake kioo kinaweza kuchora picha upya mara 120 kwa sekunde badala ya 60. Kila picha hukaa milisekunde 8 na kidogo, si 16 na ushee, ndiyo maana ukisogeza kurasa kwa kidole zinateleza.

Lakini programu kufunguka haraka ni kazi ya prosesa (ubongo wa simu), RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zinazoendelea) na hifadhi. Mtandao ukizorota ukiwa shambani, hezi haziusukumi. Filamu nyingi nazo hurekodiwa kwa picha 24 tu kwa sekunde, kwa hiyo hezi 120 haziziongezei picha.

Jaribu hapohapo dukani: ingia kwenye mipangilio ya skrini, hamisha kutoka 60 kwenda 120, kisha pandisha na kushusha orodha ya majina. Mimi naipenda, sikatai, ingawa inakula chaji zaidi. Ila kama simu yako inakwama kwa kujaa video za harusi na unyago, anza kuzifuta.