Si kila chura huanza maisha akiwa kiluwiluwi

Tangu shule ya msingi, wengi wetu hapa Iringa tumeamini kwamba kila chura hutaga mayai majini na kwamba watoto wake wote huanza maisha wakiwa viluwiluwi, na kwa vyura wa mabondeni mwetu jambo hilo ni kweli kwa sehemu kubwa. Chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi kwenye safu ya Udzungwa, hafuati kanuni hiyo: jike hubeba mimba na kuzaa vyura wadogo waliokwisha kukamilika, wenye urefu wa milimita 5 hivi.

Kwa hiyo matangi ya kioo waliyofugiwa nchini Marekani, baada ya vyura karibu 500 kupelekwa huko mwishoni mwa mwaka 2000, hayakuhitaji dimbwi la kutagia; yalihitaji mimea, kuvumwani na, zaidi ya yote, manyunyu ya mara kwa mara yanayofanana na yale ya maporomoko. Manyunyu hayo ndiyo yaliyopungua korongoni bwawa la umeme lilipoanza kazi, na mwaka 2009 chura huyu akatangazwa kuwa ametoweka porini. Nafurahi kuandika kwamba mwaka 2012 wazao wa matangi yale walianza kurudishwa Kihansi, ambako sasa mabomba hunyunyizia mimea maji.