Kwa nini kitabu cha mwisho cha mfululizo kina nyota nyingi kuliko cha kwanza?

Ukipita Goodreads, ule mtandao ambao wasomaji wanaorodhesha vitabu walivyosoma na kuvipa nyota kuanzia moja hadi tano, halafu ukafungua mifululizo ya njozi (fantasy) na visa vya vijana, kuna kitu kitakushtua. Harry Potter ya kwanza, iliyotoka 1997, wastani wake unacheza kwenye 4.47, ya saba ya 2007 iko 4.62 hivi. Percy Jackson ya kwanza, ya 2005, ina 4.3 na chenji, ya tano ya 2009 imepanda hadi kama 4.5. Namba zinasogea kidogo kadiri watu wanavyozidi kupiga kura, ila mpangilio unabaki uleule. Sasa, hawa waandishi wote walikuwa wanazidi kunoga kila walipoandika?

Wengi watakujibu ndiyo bila hata kufikiria. Mwandishi amekomaa, wahusika tumeshawazoea, vita kubwa ndo imefika, kwa hiyo lazima cha mwisho kiwe kitamu zaidi. Mzazi anayemtafutia mtoto zawadi anaona 4.6 huku na 4.4 kule, anabeba ya 4.6, na hasa kwa wauza vitabu vya mtumba, zile inama za Nairobi, vitabu vilivyotandazwa chini hadi uiname kuchagua, au meza za mjini Dar, ambako unaweza kukuta namba nne na namba saba zimelala pamoja na namba moja haipo kabisa. Basi mtoto anapelekewa namba saba. Anafungua, anakuta watu wanaomboleza mtu aliyekufa kwenye namba sita, na yeye hajui huyo marehemu alikuwa nani wala kwa nini kila mtu ana kinyongo na mwalimu fulani. Anakiweka pembeni ukurasa wa ishirini, halafu nyumbani wanasema huyu mtoto hapendi kusoma.

Na wanaoamini hivyo si wazazi peke yao. Watu wanaobishana usiku kucha kuhusu mfululizo gani ni mkali wanatumia namba hizohizo, "cheki, cha tano kina 4.5, hapo ndo mwandishi alijipata", na ukisema neno unaambiwa namba hazidanganyi. Ni kweli namba haijadanganya, ila hakuna aliyeiuliza imetoka kwa nani. Wastani wa nyota ni maoni ya watu waliofika kwenye kitabu hicho na wakajisumbua kubonyeza, na waliofika cha tano si wale wote waliofungua cha kwanza. Unapolinganisha 4.3 na 4.5 unalinganisha makundi mawili ya watu ukidhani unalinganisha vitabu viwili. Inawezekana kabisa mwandishi alikua kweli, wapo waliokua, lakini namba hii peke yake haiwezi kukuthibitishia, kwa sababu ingepanda hata kama mwandishi angebaki palepale alipoanzia, na ingeweza kupanda hata kama angeshuka kidogo.

Inakuwaje? Chukua mama ntilie aliyefungua kibanda karibu na stendi. Jumatatu wanakuja watu wa kila aina, wengine wana njaa tu, wengine wamevutwa na rafiki, wengine wamesikia harufu. Maharage yake yana nazi nyingi, kuna wanaoipenda nazi na kuna ambao inawachefua. Waliochefuka, Jumanne hawarudi, na hawagombani na mtu, wanahamia kibanda cha jirani kimyakimya. Wa katikati wanakuja Jumanne, labda na Jumatano, kisha wanachoka. Ijumaa unatokea wewe na daftari lako, unawauliza waliokaa kwenye benchi, jamani maharage ya hapa vipi? Wote wanasifia. Unaandika kwamba maharage ya Ijumaa ni matamu kuliko ya Jumatatu, wakati sufuria ni ileile, nazi ileile, na mkono wa mpishi uleule. Hata Ijumaa hiyo chumvi ikizidi kidogo, benchi zima litamsamehe, maana limebaki na wapenda nazi watupu. Na ukitaka kusikia malalamiko inabidi uende kibanda cha jirani, ambako daftari lako halikufika.

Tuweke namba za mfano, za kutunga tu. Wasomaji kumi wanafungua kitabu cha kwanza. Wawili wanatoa nyota tano, wanne wanatoa nne, wawili tatu, wawili mbili. Jumla nyota 36, wastani 3.6. Wale wa nyota mbili hawanunui cha pili, na mmoja wa nyota tatu naye anaishia hapo. Wamebaki saba, na tuseme kila mmoja anakipa cha pili nyota zilezile alizokipa cha kwanza, bila kuongeza wala kupunguza. Jumla 29 kwa watu saba, wastani 4.14. Yule wa mwisho wa nyota tatu akichoka, sita wanaingia cha tatu na wastani unakuwa 4.33. Yaani namba imepanda kutoka 3.6 hadi 4.33 na hakuna binadamu hata mmoja aliyebadili mawazo yake!

Kwenye njozi za vijana mchujo huu una nguvu kwa sababu mbili ninazoziona. Kwanza ladha yake iko wazi mapema, ramani ukurasa wa mbele, unabii, majina yasiyotamkika, mtoto yatima anayeambiwa yeye ndo mteule, kwa hiyo asiyependa anajijua ndani ya sura tatu. Pili, kuendelea kuna gharama. Toleo la Uingereza la Harry Potter ya kwanza lina kurasa 223, la tano lina 766, na mtu aliyeburuzwa kwenye zile 223 haendi kujitesa na 766 kwa hiari yake. Ukiangalia idadi ya kura zenyewe unaona benchi linavyopungua, Harry Potter ya kwanza imeshapita kura milioni 10 pale Goodreads na ya saba haijafika nusu ya hizo.

Lakini taratibu hapa, tusiseme kila aliyepotea njiani alichukia. Wengine walikua wakaacha, wengine walihamia kwenye filamu zilipoanza 2001, wengine walisoma vyote saba ila walijisikia kutoa nyota kwa cha kwanza tu. Na kwetu huku kuna walioishia cha kwanza kwa sababu cha pili hakikupatikana dukani, hao hata ukiwauliza leo wangekipa tano. Kupungua kwa kura kunaonyesha kwamba kundi limebadilika, hakukwambii kila mmoja aliondoka kwa sababu gani.

Kinachonifurahisha zaidi ni pale jambo hili linapogeuka kinyume. Mwaka 2014 watafiti wawili, Balázs Kovács na Amanda Sharkey, walichapisha utafiti uliochambua maoni 38,817 ya wasomaji wa Goodreads kuhusu vitabu 64 vya Kiingereza, vingine vilishinda tuzo kubwa na vingine viliishia kwenye orodha ya mwisho ya kuwania. Ungetegemea kushinda kupandishe nyota. Vilivyoshinda vilishuka kuliko vile vilivyokosa! Maelezo yao makubwa ni kwamba tuzo inaita watu wengi wapya, wakiwemo wale ambao kitabu hicho si cha ladha yao kabisa, wamekuja kwa sababu ya muhuri kwenye jalada. Ndo kusema wale wa kibanda cha jirani wamerudishwa kwenye benchi kwa nguvu. Vile havikuwa vitabu vya njozi za watoto, kwa hiyo kuhamishia matokeo huku moja kwa moja ni kujipa uhakika wa bure, ila namna jambo linavyotokea inafanana. Na kabla yao, 2008, Xinxin Li na Lorin Hitt waliangalia vitabu vilivyokuwa Amazon wakakuta kwa vingi maoni ya mwanzo yanakuwa matamu kuliko yanayofuata, kwa sababu wanaokimbilia kitabu wiki ya kwanza ni wale waliokuwa wanakisubiri. Kwa hiyo riwaya mpya ya njozi yenye 4.7 ikiwa na mwezi mmoja sokoni, mimi ningeipa muda kwanza.

Sasa mchujo ungekuwa ndo kila kitu, kila mfululizo ungepanda ngazi kwa ngazi, na haiko hivyo. Harry Potter ya pili iko chini ya ya kwanza, 4.43 hivi, na Percy Jackson ya pili nayo ilishuka, pamoja na kwamba hapo ndipo mchujo ulitakiwa uume zaidi. Wapo wanaosema cha kwanza kinabebwa na kumbukumbu za utotoni, mtu anatoa tano kwa ile siku aliyokisoma na kitabu chenyewe kinafaidika. Inaingia akilini, ila ni dhana tu. Halafu kuna Divergent, ya 2011, iliyoanza juu kidogo ya 4.1, ya pili ikawa karibu na 4, na ya tatu, Allegiant ya 2013, ikaporomoka hadi 3.6 hivi. Sitasema mwisho wake ukoje kwa ajili ya ambao hawajasoma, itoshe tu kwamba watu waliokuwa wamevumilia vitabu viwili walikasirika kweli. Hapo wapenda nazi wenyewe ndo walirudisha sahani. Na kwangu hii ni alama nzito kuliko 4.6 yoyote, kwa sababu mchujo unasukuma namba juu, kwa hiyo kitabu cha mwisho kikishuka chini ya cha kwanza, kuna kitu kimeisukuma chini kwa nguvu kubwa zaidi.

Kuna jambo lingine watu hulipita. Kwa masharti yake Goodreads si ya watoto chini ya miaka 13, na Marekani ina sheria ya tangu 1998 inayobana ukusanyaji wa taarifa za watoto wa umri huo mtandaoni, hivyo mitandao mingi imeweka mstari palepale. Percy Jackson anaanza safari yake akiwa na miaka 12, kitabu kinauzwa kwa watoto wa umri huo na chini yake, na hao hawana kura. Nyota unazoziona zimetolewa na vijana wakubwa, walimu, wakutubi, wazazi, na watu wazima wanaosoma tena walichokipenda darasa la sita. Mtu wa miaka 30 akilalamika kwamba lugha ni rahisi mno, kwa mtoto wa miaka kumi hiyo ni sifa.

Hata nyota yenyewe haina maana moja. Pale Goodreads ukisogeza mshale, nyota mbili zinasema kitabu kilikuwa sawa tu, tatu zinasema nimekipenda. Watu wengi hutoa tatu wakimaanisha hakikunifikia, na wengine hutoa tatu kama heshima.

Kwa hiyo ukimchagulia mtoto, linganisha cha kwanza na cha kwanza. Cha kwanza ndo kimepigiwa kura na watu wa kila aina, hata wasioipenda nazi, kwa hiyo 4.2 ya kitabu cha kwanza ina uzito kuliko 4.5 ya cha tano. Soma maoni ya nyota tatu, mara nyingi huko ndo mtu anakwambia kilichomboa na kilichompendeza bila kushangilia wala kutukana, na kinachomboa mtu mzima huenda ndicho mwanao anakitafuta.

Vitabu vyetu vina hadithi yake. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya 1951, ni njozi na safari tupu, nchi iliyo angani, wajumbe wanaotumwa pande zote kutafuta mambo mema na kurudi kuadhibiwa. Ni kitabu kimoja, hakina cha pili cha kuchuja watu, na vizazi vya wanafunzi vimekisoma kwa sababu kilikuwa kwenye mtihani, umekipenda hujakipenda unafika ukurasa wa mwisho. Kundi hilo lote likitoa nyota, wastani wake ungekuwa wa kukaa nao vizuri kuliko wa mifululizo mingi mikubwa, hata ukiwa mdogo. Tatizo ni kwamba wengi wao hawajawahi kufungua akaunti huko, na kura chache namna hiyo, mtu mmoja aliyefeli fasihi kidato cha nne anaweza kuushusha mchana mmoja.